Bukoba hadi Mwanza kwa ndege: namna ya kujua umbali na muda halisi wa safari

Ukisimama ufukweni Bukoba ukatazama kusini mashariki, Mwanza iko ng'ambo ya maji, kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Ukiuliza simu yako, itakwambia ndege inamaliza umbali huo kwa dakika ishirini na kitu. Nimekata tiketi za njia hii miaka mingi katika ofisi yangu ndogo hapa Mwanza, na sijawahi kumwona abiria aliyetoka nyumbani kwake Bukoba akafika anakokwenda Mwanza kwa dakika ishirini na kitu. Wengi hutumia saa tatu na nusu mpaka nne, na hapo hakuna kilichoharibika.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wanaopanga mambo mazito kwa hesabu ya simu: mgonjwa mwenye miadi hospitali ya Bugando, kijana anayewahi usaili, mtu anayekwenda kuzika. Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiiweza kwa Bukoba na Mwanza utaiweza kwa Kigoma na Dodoma, Mtwara na Songea, Kisumu na Mombasa. Chukua karatasi na kalamu, na simu iwe karibu kwa ajili ya kikokotoo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uwanja gani

Kila uwanja wa ndege una herufi zake tatu. Utazikuta kwenye tiketi na kwenye karatasi inayofungwa kwenye mpini wa begi. Bukoba ni BKB, Mwanza ni MWZ, Dar es Salaam ni DAR. Anza na herufi hizo, usianze na jina la mji, kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na viwanja viwili. Arusha ndiyo inayowaponza wengi: upo uwanja wa Kisongo, ARK, ulio jirani na mji, na upo Kilimanjaro, JRO, ambao watu huuita KIA, ulio kati ya Arusha na Moshi, kilomita kama 50 kutoka Arusha mjini. Aliyekata tiketi ya kwenda "Arusha" bila kutazama herufi anaweza kujikuta anatafuta gari la kilomita 50 ambalo hakulipangia fedha wala muda.

Hatua ya 2: Pima umbali mwenyewe

Utauliza, kwa nini nipime mwenyewe wakati mtandao unanipa jibu? Kwanza, kurasa nyingi hupima kutoka katikati ya mji mmoja mpaka katikati ya mji mwingine, na nyingine hukupa umbali wa barabara bila kukwambia. Kwa njia hii tofauti ni kubwa mno, kwa kuwa barabara inazunguka upande wote wa kusini wa ziwa kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400. Pili, ukipima mwenyewe unajua ndege inaelekea wapi, na hilo litakufaa mbele tukifika kwenye safari za kuunganisha.

Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Zimo kwenye ramani ya simu, bonyeza tu juu ya uwanja. Simu nyingi huzitoa kwa desimali. Ili kupata dakika, zidisha tarakimu za baada ya nukta kwa 60: 1.33 inakuwa nyuzi 1 na dakika 20. Dakika hizi ni sehemu ya nyuzi, usizichanganye na dakika za saa. Kwa viwanja vyetu tunapata hivi:

Bukoba: nyuzi 1 dakika 20 kusini, nyuzi 31 dakika 49 mashariki.
Mwanza: nyuzi 2 dakika 27 kusini, nyuzi 32 dakika 56 mashariki.

Toa kusini kwa kusini: kutoka 1 na dakika 20 mpaka 2 na dakika 27 ni dakika 67. Toa mashariki kwa mashariki: kutoka 31 na dakika 49 mpaka 32 na dakika 56 ni dakika 67 tena. Kwa hiyo ukitoka Bukoba unashuka kusini dakika 67 na kusogea mashariki dakika 67. Safari nzima ni ulalo wa mraba, kusini mashariki barabara. Kila nikimfanyia mteja hesabu hii hufurahi kuona namba mbili zimelingana namna ile.

Sasa jambo zuri kuhusu dakika hizi: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na maili ya baharini ni kilomita 1.852. Marubani na manahodha hutumia maili hiyo kwa sababu hiyohiyo, inatoka moja kwa moja kwenye ramani. Basi tuna maili 67 kwenda kusini na maili 67 kwenda mashariki. Tumia kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa kidato cha pili: 67 mara 67 ni 4,489. Jumlisha na 4,489 nyingine, unapata 8,978. Kipeuo chake cha pili ni 94.75. Zidisha kwa 1.852 na jibu ni kilomita 175.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ikweta. Ukipima Bukoba na Entebbe, Bukoba iko kusini ya ikweta na Entebbe iko kaskazini, dakika 3 tu. Hapo hutoi, unajumlisha: dakika 80 na dakika 3 ni 83. Longitudo ya Entebbe ni nyuzi 32 dakika 27, tofauti na Bukoba ni dakika 38. Fanya hesabu na utapata maili 91, yaani kilomita 169. Bukoba iko karibu na Entebbe kuliko na Mwanza! Wahaya wenye ndugu Uganda watasema walijua zamani.

La pili ni kwamba dakika ya longitudo husinyaa kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Huku kwetu usihangaike nayo. Hata Dar es Salaam inapungua chini ya asilimia moja. Lakini ukipima viwanja vya Ulaya ni lazima uipunguze. Nyuzi moja ya longitudo, ambayo kwetu ni kilomita 111, London haifiki 70. Huko zidisha tofauti ya longitudo kwa kosini ya latitudo (kitufe cha cos kwenye kikokotoo) kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Gawa kwa mwendo wa ndege

Uliza ni ndege ya aina gani. Wakala yeyote anaweza kukwambia, na aina yake huandikwa kwenye ratiba. Hizi ndizo kasi za kukadiria, ndege ikiwa imeshatulia angani:

Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja yenye abiria kumi na wachache: kilomita 340 kwa saa.
ATR 42, ya mapanga mawili: kilomita 550 kwa saa.
Dash 8 Q400, ambayo wengi huiita Bombardier au pangaboi: kilomita 660 kwa saa.
Jeti kama Airbus A220 au Boeing 737: kilomita 830 kwa saa.

Kwa kilomita 175, Caravan inahitaji dakika 31, ATR dakika 19, Q400 dakika 16. Jeti ingetumia dakika 13, lakini njia ya kurukia ya Bukoba ni fupi, kama mita 1,500, wakati ya Mwanza inapita mita 3,000. Jeti utakazoziona Mwanza hazitui Bukoba.

Hapa ndipo simu inapoishia, na hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Hatua ya 4: Kutoka muda wa angani kwenda muda wa ratiba

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na kuishia inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake kuna kutambaa mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mwongoza ndege, kupaa huku ndege ikiwa bado haijapata kasi, kupunguza mwendo kabla ya kutua, kuzunguka ili itue ikielekea upepo, na kutambaa tena. Katika safari fupi kama hii, ndege ya mapanga ikimaliza kupanda huwa imekaribia kuanza kushuka. Ile kasi ya kilomita 660 inaishika kwa dakika chache sana.

Kanuni yangu ni hii. Ndege ndogo kama Caravan iongezee dakika 10 hadi 15. ATR na Q400 ziongezee dakika 20 hadi 25. Jeti inayokwenda kwenye uwanja wenye shughuli nyingi kama Dar es Salaam, ongeza 25 hadi 30.

Fanya hesabu uone: Caravan 31 na 12 ni 43. ATR 19 na 22 ni 41. Q400 16 na 24 ni 40. Zote zinakutana palepale, dakika 40 na kidogo! Ndiyo maana mteja akiniuliza, "Dada, nichukue ipi itakayoniwahisha?" kwa Bukoba na Mwanza namwambia achague saa inayomfaa na bei anayoimudu, aina ya ndege isimsumbue. Umbali mfupi humeza faida yote ya kasi.

Safari ndefu ni habari nyingine. Mwanza mpaka Dar es Salaam, kwa hesabu ileile: Dar iko nyuzi 6 dakika 53 kusini na nyuzi 39 dakika 12 mashariki. Tofauti ni dakika 266 na dakika 376, jibu ni maili 460 hivi, kilomita 853. Jeti inaruka saa 1 na dakika 2, na ratiba inakuwa kama saa 1 na nusu. Q400 inaruka saa 1 na dakika 18, na ratiba inakaribia saa 1 na dakika 45. Hapo kasi inaonekana.

Wengine huniuliza kuhusu upepo. Huku kwetu, juu angani, upepo mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo ndege inayotoka Dar kuja Mwanza husukumwa na inayorudi huzuiwa. Chukua upepo wa kilomita 40 kwa saa: jeti inayokuja hutumia dakika 59, inayorudi dakika 65. Ni dakika sita tu. Uzijue, lakini usizipangie chochote.

Hatua ya 5: Geuza saa za tiketi kuwa saa zetu

Hatua hii usiiruke hata kama umesafiri mara ishirini.

Kijana mmoja alikuja ofisini kwangu kuchukua tiketi ya kwenda Bukoba kumzika baba yake. Mazishi yalikuwa kesho yake saa 9 alasiri, Kamachumu. Tiketi iliandikwa 07:10. Nikampa, nikampa na pole, akaondoka. Kesho yake saa 5 asubuhi akanipigia simu akiwa uwanjani. "Dada yangu, mbona kaunta hakuna mtu? Ndege si saa saba na dakika kumi?" Ndege ilikuwa imeshaondoka tangu saa 1 na dakika 10 asubuhi. Siku ile hapakuwa na nyingine. Alipanda meli ya usiku, akafika Kamachumu asubuhi ya pili na kukuta kaburi limeshafunikwa. Mimi ndiye niliyempa tiketi bila kumwambia neno. Tangu siku ile kila tiketi inayotoka mezani kwangu naiandika kwa kalamu nyekundu, saa zetu, kwa maneno: saa moja na dakika kumi ASUBUHI. Na namwomba mteja aniisomee kwa sauti.

Kugeuza ni rahisi. Kuanzia 07:00 mpaka 18:59, toa 6 na useme ni asubuhi, mchana au jioni: 07:10 ni saa 1:10 asubuhi, 13:10 ni saa 7:10 mchana. Kuanzia 19:00, toa 18: 19:10 ni saa 1:10 usiku. Kuanzia 00:00 mpaka 06:59, ongeza 6: 05:30 ni saa 11:30 alfajiri.

Kisha tarehe. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:40 ni saa 6:40 ya usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 11. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, umechelewa siku nzima. Iandike kama tunavyosema, "usiku wa kuamkia tarehe 12", na hapo hata bibi nyumbani ataelewa.

Ukivuka mpaka, kuna saa za nchi pia. Tanzania, Kenya na Uganda tunakwenda pamoja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, wako nyuma yetu saa moja. Tiketi huandika saa za mahali husika. Kwa hiyo safari ya Dar es Salaam kwenda Kigali inayoondoka 15:00 na kufika 15:50 haikuchukua dakika 50. Ni saa 1 na dakika 50, kilomita zipatazo 1,140. Wakati wa kurudi itaonekana kama saa 2 na dakika 50, na safari ni ileile.

Hatua ya 6: Kama kuna kuunganisha, hesabu upya

Tuchukue mtu wa Bukoba anayekwenda Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka, ukifanya hesabu ya hatua ya 2, unapata kilomita 1,026. Sasa jumlisha Bukoba hadi Mwanza, 175, na Mwanza hadi Dar, 853. Unapata 1,028. Kilomita mbili tu zimeongezeka! Mwanza imekaa karibu kabisa juu ya mstari wa kutoka Bukoba kwenda Dar.

Kwa hiyo ukiitazama ramani utasema kupitia Mwanza hakupotezi kitu. Kwa kilomita ni kweli, kwa saa si kweli. Hata usipobadilisha ndege, kuna kutua, kushusha abiria, kupakia wengine, pengine kuongeza mafuta, halafu kupaa upya. Hesabu saa moja ya ziada, na mara nyingi zaidi kidogo. Ukibadilisha ndege, ni urefu wa kusubiri wote.

Ukilazimika kubadilisha, jitahidi safari zote mbili ziwe kwenye tiketi moja. Ukichelewa kwa sababu ya ndege ya kwanza, mwenye tiketi moja hupangiwa ndege inayofuata. Aliyekata tiketi mbili kwa kampuni mbili, kila kampuni inamhesabu peke yake. Ya pili itasema hakutokea. Nimewaona wakinunua tiketi nyingine palepale kaunta kwa bei ya siku hiyohiyo, bei ambayo ingemlipia mtu kwenda na kurudi. Kama huna njia ila tiketi mbili, acha saa tatu kati yake mchana wa jua, na zaidi ya hapo msimu wa mvua. Kumbuka pia utachukua begi lako, utoke nje, uingie tena kwa ukaguzi kama abiria mpya.

Hatua ya 7: Mpe ziwa nafasi yake

Ziwa Victoria lina tabia yake, na mtu wa Bukoba anaijua kwa masikio: radi za alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji, hewa hupanda na mawingu makubwa ya radi hujengeka. Upepo wa mashariki huyasogeza upande wa magharibi, na asubuhi yanafika Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza, upande wa pili wa maji yaleyale, hupata kama nusu yake.

Kwa msafiri maana yake ni hii: ndege ya asubuhi ya Bukoba, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kusubirishwa. Itachelewa kuondoka, au itazunguka juu ikisubiri wingu lipite, au itarudi ilikotoka. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege iliyokuwa inatua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Wengi wetu hapa Kanda ya Ziwa tulimjua mtu aliyemjua mtu mle ndani. Rubani akitangaza kwamba anarudi Mwanza, naomba usimlaumu wala usimsukume mhudumu wa kaunta.

Jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na kama jambo lako haliwezi kusogezwa, mazishi, mtihani, kesi mahakamani, nenda siku moja kabla. Hakuna hesabu nyingine inayolitatua hilo.

Hatua ya 8: Jumlisha kutoka mlangoni mpaka mlangoni

Tufanye mfano mmoja mzima. Mama ana miadi Bugando saa 8 mchana. Anaishi Kashai, na tiketi yake ni 09:40 kutoka Bukoba, kufika Mwanza 10:25, yaani saa 3:40 na saa 4:25 asubuhi.

Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, kando ya ziwa. Bodaboda au bajaji inamfikisha upesi, tuseme dakika 20 pamoja na kusubiri usafiri. Kaunta hufungwa kabla ya ndege kuondoka, kwa kawaida dakika 30 hadi 45, kwa hiyo awe uwanjani saa moja na nusu kabla, saa 2:10. Atoke nyumbani saa 1:50. Kama amebeba mkungu wa ndizi na ndoo ya senene za kuwapelekea ndugu, atoke mapema zaidi, maana mizigo itapimwa, na ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu. Foleni ya kulipia uzito uliozidi ndiyo inayowachelewesha watu pale.

Anatua na kusimama saa 4:25. Begi linafika baada ya dakika 20 au 25, saa 4:50. Uwanja wa Mwanza uko upande wa Ilemela, kilomita kama 10 kutoka katikati ya jiji, na Bugando iko juu ya kilima upande wa pili. Kwa teksi, pamoja na foleni za magari, mpe dakika 50. Anafika getini saa 5:40. Tangu atoke Kashai ni saa 3 na dakika 50, na angani amekaa dakika kama 25 tu.

Sasa ana saa 2 na dakika 20 za akiba kabla ya miadi. Akiba hiyo ndiyo itakayobeba radi ya asubuhi. Kama tiketi ingekuwa ya kufika saa 7 mchana, ningemwambia asiinunue, hata kama bei yake ni nzuri.

Ukishapata jumla yako ya mlango hadi mlango, ilinganishe na njia nyingine kwa haki. Basi, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, halisubiri tena kivuko, lakini bado ni sehemu kubwa ya mchana. Meli unaipanda jioni Mwanza na kuamka Kemondo au Bukoba, na kwa mwenye mizigo mingi na muda wa kutosha mimi huishauri bila wasiwasi. Ndege inashinda kwa mgonjwa, kwa mzee, na kwa mtu anayelazimika kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Jioni kabla ya safari piga simu kwa wakala au kampuni, uulize mambo matatu: saa haijabadilika? Ni ndege ileile? Inapitia wapi? Ratiba za njia hizi hubadilishwa, na ujumbe wa simu huenda kwa namba iliyoandikwa kwenye tiketi, ambayo mara nyingi ni ya aliyekulipia.

Na ukifika kaunta ya Bukoba mapema hivyo, nafasi za kuchagua kiti bado zipo. Omba dirisha. Wakati wa kwenda Mwanza, upande wa kushoto utaonyesha kisiwa cha Ukerewe muda mfupi kabla ya kutua, na upande wa kulia utaona kisiwa cha Rubondo kwa mbali, kisha Kome.